Ghuba ya Tampa: nyasi bahari zilivyorudi, na kwa nini zimepungua tena

Ghuba ya Tampa iko pwani ya magharibi ya Florida, Marekani. Ni pana lakini ina kina kifupi: maji yake yameenea kilomita za mraba 1,000 na ushei, na kina cha wastani hakifiki mita 4. Mito minne mikubwa huingia humo, yaani Hillsborough, Alafia, Little Manatee na Manatee, na miji ya Tampa, St. Petersburg, Clearwater na Bradenton imeizunguka. Sakafu ya mchanga, maji ya vuguvugu na jua linaloweza kufika chini huifanya kuwa makao mazuri ya nyasi bahari.

Picha zilizopigwa kutoka angani karibu na mwaka 1950 zilipopimwa, zilionyesha kama ekari 40,400 za nyasi hizo. Kufikia 1982 zilikuwa zimebaki ekari 21,650 hivi. Upande wa kaskazini mashariki, katika tawi liitwalo Hillsborough Bay lililo mbele ya jiji la Tampa, karibu zote zilikwisha. Mahali pake paliota mwani mzito uliosukumwa ufukweni na mawimbi, ukaoza na kunuka hadi kwenye nyumba za watu.

Nyasi bahari si mwani. Zina mizizi, mashina yanayotambaa chini ya mchanga, maua na mbegu. Anayezijua za pwani ya Afrika Mashariki hatapotea Tampa, kwa kuwa jenasi tatu kuu za huko zinaota pia kwetu: Thalassia, Halodule na Syringodium, ingawa spishi kwa sehemu kubwa ni tofauti. Huko nazo hulisha kasa na binamu wa nguva, hulea samaki wachanga na kamba, na hushika mchanga usitifuke. Zikiondoka, mchanga hutifuka, maji huzidi kuwa machafu, na zile zilizobaki hukosa mwanga. Uharibifu ukianza hujisukuma wenyewe.

Kilichoanzisha uharibifu huo Tampa ni naitrojeni iliyozidi majini. Naitrojeni inauaje nyasi ambazo nazo zinaihitaji ili kuota? Kwa kawaida haiziui kwa sumu. Huzinyima mwanga. Nyasi bahari huota polepole na hupata chakula kingi kwa mizizi, kutoka kwenye tope. Vijimwani vinavyoelea majini havina mizizi, huishi kwa kile kilichoyeyuka majini, na vikipata naitrojeni ya ziada huongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Maji hugeuka kijani. Wakati huohuo mwani mwingine huota juu ya majani yenyewe ya nyasi kama ukoko. Jua la adhuhuri likishapita kwenye maji ya kijani na kwenye ukoko huo, kinachofika kwenye jani hakitoshi kulipia hewa ambayo mizizi inaitumia usiku. Mmea hula akiba yake ya wanga iliyo kwenye shina la chini, na akiba ikiisha unakufa. Nyasi za kwenye kina kirefu hufa kwanza, kwa hiyo ukiona ukingo wa nje wa shamba la nyasi unarudi kuelekea ufukweni mwaka hadi mwaka, anza kuchunguza mwanga kabla ya kutafuta ugonjwa.

Kwa nini naitrojeni na si fosforasi? Swali hili lazima lijibiwe kabla ya kutumia hata senti moja, na jibu hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Mashariki ya Ghuba ya Tampa kuna mojawapo ya maeneo makubwa ya machimbo ya fosfeti duniani, liitwalo Bone Valley, na mto Alafia hupita humo. Fosforasi imejaa tangu asili. Ukiongeza nyingine, vijimwani havijali, kwa sababu kinachovikosesha kuongezeka ni naitrojeni. Namna ya kulithibitisha hili ni rahisi: chota maji ya ghuba, yagawe kwenye chupa safi zinazopitisha mwanga, chupa moja usiitie kitu, nyingine tia naitrojeni peke yake, ya tatu fosforasi peke yake, ya nne vyote viwili. Ziweke kwenye mwanga na joto la ghubani kwa siku kadhaa, kisha pima klorofili, rangi ya kijani inayoonyesha wingi wa vijimwani. Chupa ya fosforasi ikilingana na ile isiyotiwa kitu, na ya naitrojeni ikawa kijani, umepata jibu. Rudia katika majira tofauti, maana jibu la kiangazi laweza lisiwe la masika. Anayetaka kuchukua mpango wa Tampa akautumie kwenye hori la Mombasa au Mtwara aanze na chupa hizo, kwani huenda ghuba yake haina Bone Valley.

Chanzo kikuu cha naitrojeni miaka ya 1970 kilikuwa majitaka ya majumbani. Mtambo wa jiji la Tampa, uliokuwa Hookers Point, ulikuwa ukifanya hatua ya kwanza tu ya usafishaji: kuchuja takataka na kuacha vitu vizito vitue chini. Hatua hiyo karibu haigusi naitrojeni, kwa sababu sehemu kubwa yake imeyeyuka ndani ya maji kama amonia. Wananchi walilalamika, vyombo vya habari vikaandika, na mwaka 1978 bunge la Florida likapitisha sheria iliyoutaka kila mtambo unaomwaga ghubani ufikie viwango vinne kwa wastani wa mwaka: miligramu 5 kwa lita za uchafu unaokula oksijeni, 5 za chembe zinazoelea, 3 za naitrojeni yote na 1 ya fosforasi. Mtambo mpya wa Tampa, uitwao Howard F. Curren, ulianza kazi hiyo mwaka 1979. St. Petersburg ilichukua njia nyingine. Tangu 1977 ilianza kusambaza maji yaliyosafishwa kwa mabomba ya pekee ili yamwagilie bustani na viwanja vya gofu, na yanayozidi ikayasukuma kwenye visima virefu chini ya ardhi.

Kushusha naitrojeni hadi miligramu 3 ni kazi ya bakteria wa aina mbili wasiopenda mazingira yaleyale. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa naitreti, na wanahitaji hewa nyingi. Wa pili hugeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani, na hao hufanya kazi pale tu ambapo oksijeni imekwisha na kuna chakula cha kaboni. Kwa mtambo wa mfano unaopokea mita za ujazo 1,000 kwa siku, zenye miligramu 30 za amonia (ikipimwa kama naitrojeni) kwa lita, hesabu ni hii. Naitrojeni ya kugeuzwa ni kilo 30 kwa siku. Kila kilo hudai kilo 4.57 za oksijeni, jumla kilo 137, na hula kilo 7.14 za ualikali, yaani uwezo wa maji kuzuia tindikali (ukipimwa kama chokaa ya kalsiamu kaboneti), jumla kilo 214. Maji yakikosa ualikali huo, pH hushuka chini ya 6.5, bakteria husinzia na amonia hupita ilivyo. Baadaye, kuondoa naitreti kilo 27 kati ya hizo 30 huhitaji methanoli kama kilo 3 kwa kila kilo, yaani kilo 81 kwa siku. Mtambo wa Tampa hutia methanoli kwenye vichujio virefu vya mchanga, na bakteria huota juu ya chembe za mchanga huo.

Mambo yanayokwenda mrama kwenye mtambo wa namna hii yanajulikana. Methanoli ikipungua, naitreti inapita. Ikizidi, yenyewe inakuwa uchafu unaokula oksijeni, na kiwango cha 5 kinavunjika. Gesi ya naitrojeni hujikusanya kwenye mchanga kama mapovu na kuziba njia, hivyo kila baada ya saa chache lazima kichujio kisukumwe maji kutoka chini kwa muda mfupi ili kutoa gesi hiyo. Anayesubiri hadi wakati wa kuosha chujio zima atakuta maji yamefurika juu. Bakteria wanaogeuza amonia huzaana polepole sana, kwa hiyo tope likitolewa haraka kupita kiasi wanaondoka kabla hawajazaana, na kuwarejesha huchukua wiki. Halafu kuna kiasi kidogo cha naitrojeni iliyofungwa ndani ya vitu vya kikaboni vilivyoyeyuka, karibu miligramu 1 kwa lita, ambayo bakteria hao hawaigusi kabisa. Ndiyo sababu 3 ni kiwango kigumu: theluthi yake huenda imeshachukuliwa kabla hujaanza.

Matokeo yalikuwa makubwa. Naitrojeni ya majitaka ilipungua kwa takriban asilimia 90, na mzigo wote wa naitrojeni unaoingia ghubani ukashuka kwa zaidi ya nusu. Lakini ghuba haikuitika papo hapo. Klorofili ilianza kushuka kwa uwazi katikati ya miaka ya 1980, na nyasi zikaongezeka baada ya hapo. Ucheleweshaji huo una sababu. Tope la chini lilikuwa limeshiba miaka mingi ya mabaki ya mwani, na liliendelea kutoa amonia juu hata baada ya bomba kufungwa. Nyasi nazo, hata mwanga ukirudi, husogea polepole, kwa shina linalotambaa chini ya mchanga. Halodule hutangulia. Thalassia hufuata kwa mwendo wa kobe. Serikali ambayo ingepima mafanikio ya mtambo huo kwa nyasi za mwaka 1982 ingetangaza kwamba fedha nyingi zimepotea bure.

Sehemu ya kisa hiki inayostahili kusomwa na kila anayesimamia ziwa au ghuba ni ile ya miaka ya 1990. Mpango wa kuitunza Ghuba ya Tampa (Tampa Bay Estuary Program), ulioanzishwa 1991, haukuuliza "tupunguze naitrojeni kwa asilimia ngapi?" Uliuliza nyasi zinataka nini, halafu ukarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye tani.

Lengo lilikuwa ekari 38,000, yaani karibu zile za 1950 ukiondoa maeneo yaliyochimbwa au kujazwa ambayo hayawezi kurudi. Kwenye kila tawi la ghuba pakawekwa kina ambacho nyasi zilifika zamani: mita 1 Hillsborough Bay, mita 2.5 karibu na mlango wa bahari, na mengine katikati. Vipimo vya Thalassia vilionyesha kwamba inahitaji wastani wa asilimia 20.5 ya mwanga ulioingia majini. Mwanga hupungua kwa uwiano uleule katika kila mita ya maji, kwa hiyo ukichukua 1.585 (logi asilia ya 1 ÷ 0.205) ukaigawa kwa kina unachotaka, unapata ufifiaji wa juu kabisa unaoruhusiwa. Kwa mita 1 ni 1.58 kwa mita. Kwa mita 2.5 ni 0.63, yaani maji yanapaswa kuwa angavu zaidi ya mara mbili. Kutoka hapo wakauliza klorofili gani inaruhusu ufifiaji huo, wakapata kwa wastani wa mwaka mikrogramu 13.2 kwa lita Hillsborough Bay, 8.5 Old Tampa Bay, 7.4 katikati na 4.6 karibu na mlango. Mwisho wakauliza ni tani ngapi za naitrojeni zinazoleta klorofili hiyo, na jibu likawa: zile zilizokuwa zikiingia mwaka 1992 hadi 1994.

Maana yake ni kwamba kupunguza zaidi hakukuhitajika, ila kuzuia isiongezeke. Linaonekana jepesi, lakini si jepesi hata kidogo kwenye eneo linaloongezeka watu. Ukuaji ulitarajiwa kuongeza mzigo kwa asilimia 7 kufikia 2010, na hiyo ni tani 17 za Kimarekani kila mwaka (kama kilo 15,400). Kwa hiyo kila mwaka lazima tani 17 zipatikane mahali fulani na kuondolewa, mwaka baada ya mwaka, ili usimame palepale. Mwaka 1996 serikali za miji na wilaya, kampuni za umeme, za fosfeti na za mbolea zikaunda umoja wa kusimamia naitrojeni na kugawana kazi hiyo. Kila mmoja aliandika mradi wake, kilo zilizookolewa na namna zilivyohesabiwa.

Vyanzo vilivyoguswa ni vingi, na vingine havikutegemewa. Bandarini, mbolea iliyokuwa ikimwagika gatini wakati wa kupakia meli ilioshwa na mvua moja kwa moja hadi majini. Mifuniko na ufagiaji viliokoa tani nyingi kwa bei ndogo. Moshi wa makaa ya mawe na wa magari hutua juu ya maji kama naitrojeni. Kituo cha umeme cha Gannon, kilichokuwa ukingoni mwa ghuba, kiligeuzwa kutoka makaa kwenda gesi asilia kufikia 2004, na kile cha Big Bend kikawekewa vifaa vya kuondoa oksidi za naitrojeni kwenye moshi. Bustani za majumbani nazo zikawekewa sheria: wilaya ya Pinellas tangu 2010 na jiji la Tampa mwaka uliofuata zilikataza kutia mbolea ya naitrojeni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba. Miezi hiyo ndiyo ya mvua kubwa ya Florida. Nyasi za bustani haziwezi kunywa mbolea yote kabla ya mvua ya alasiri kuishusha mferejini.

Upimaji ulikuwa wa kuchosha na wa lazima. Tume ya mazingira ya wilaya ya Hillsborough imepima ghuba kila mwezi tangu miaka ya 1970 kwenye vituo vilevile: klorofili, naitrojeni, oksijeni, chumvi, na sahani nyeupe ya Secchi inayoshushwa majini hadi isionekane. Tangu 1988 nyasi hupigwa picha kutoka angani karibu kila baada ya miaka miwili, na hupigwa wakati wa baridi, maji yanapokuwa angavu zaidi, kisha wapiga mbizi huenda kuhakikisha kwamba doa jeusi kwenye picha ni nyasi kweli na si mwani uliotua. Kila mwaka matawi manne ya ghuba hupewa rangi ya kijani, njano au nyekundu kulingana na klorofili na mwanga ulivyopita mpaka wake, kwa kiasi gani na kwa miaka mingapi mfululizo. Meya asiyejua kemia anaielewa rangi nyekundu, na ameelewa kabla nyasi hazijafa. Kwa maoni yetu, rangi hizo zilifanya kazi kubwa kuliko ripoti nzito zote.

Kulikuwa na vikwazo. El Niño ya 1997 na 1998 ilileta mvua nyingi mno, mzigo ukapanda, na kati ya 1996 na 1999 karibu ekari 2,000 za nyasi zikapotea. Waliokuwa na haraka walisema mpango umeshindwa. Miaka mikavu ikafuata, nyasi zikarudi. Tangu wakati huo mzigo hutazamwa pia kwa tani kwa kila milioni ya mita za ujazo za maji yaliyoingia, ili mwaka wa mafuriko usidhaniwe kuwa mwaka wa uzembe, na mwaka wa ukame usijisifu bure.

Mwaka 2014 picha zilionyesha ekari 40,295. Lengo la 38,000 lilikuwa limepitwa, ilhali watu waliozunguka ghuba walikuwa wameongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Mwaka 2016 zilifika 41,655.

Hapo ndipo upande wa pili wa kisa unaanza. Mwaka 2018 zilikuwa 40,651. Mwaka 2020 zikawa 34,297. Mwaka 2022 zikawa 30,137. Ekari 11,518 zilitoweka ndani ya miaka sita, zaidi ya robo ya zilizokuwepo, na mjadala wa lawama ukawaka.

Mshitakiwa wa kwanza machoni pa wengi alikuwa Piney Point. Hiki ni kiwanda cha zamani cha mbolea ya fosfeti karibu na bandari ya Manatee, kilichojengwa miaka ya 1960 na kuachwa baada ya mwenyewe kufilisika mwaka 2001. Kiliacha vilima vya jasi, taka ya kutengeneza asidi ya fosforasi, na juu ya vilima hivyo mabwawa ya maji ya kiwanda yaliyochanganyika na maji ya bahari yaliyotoka kwenye uchimbaji wa bandari. Maji hayo yalijaa amonia, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kikitengeneza mbolea ya DAP, ambayo hutengenezwa kwa amonia. Mwishoni mwa Machi 2021 utando wa plastiki wa bwawa ulipasuka. Ukuta ulitishia kubomoka, nyumba zaidi ya 300 zikahamishwa watu, na kati ya tarehe 30 Machi na 9 Aprili lita milioni 814 zilimwagwa makusudi baharini ili kupunguza uzito. Uamuzi wa kumwaga ulikuwa sahihi usiku ule. Kosa lilikuwa miaka 20 ya kuacha maji hayo juu ya kilima bila kuyasafisha.

Ndani ya lita hizo kulikuwa na takriban tani 186 za naitrojeni. Gawa: ni kama miligramu 228 kwa lita. Lita hizohizo zingetoka kwenye mtambo unaofikia kiwango cha 3, zingebeba tani 2.4. Kwa siku kumi sehemu ya kusini ya ghuba ilipokea naitrojeni kuliko inayopokea kwa kawaida mwaka mzima. Aprili diatomu, vijimwani vyenye gamba kama la kioo, zilifumuka, zisizo na madhara zenyewe. Mei na Juni ikafuata sianobakteria ya nyuzi iitwayo Dapis, inayotanda juu ya nyasi kama sufi chafu kisha huibuka na kuelea. Karenia brevis, kijimwani kinachogeuza maji kuwa mekundu na chenye sumu ya neva, kilifumuka baadaye mwaka huohuo. Samaki waliokufa waliokusanywa walizidi tani 1,600. Tunaona inafaa kusema wazi kwamba Karenia huanzia nje, kwenye Ghuba ya Meksiko, na imekuwepo karne nyingi kabla ya Piney Point. Jambo ambalo naitrojeni hiyo ilifanya ni kumpa mgeni huyo karamu ndani ya ghuba, kipindi ambacho kwa kawaida angekosa chakula.

Hata hivyo Piney Point haikula zile ekari 11,518. Tazama tarehe: kufikia 2020, mwaka mmoja kabla ya bwawa kupasuka, zaidi ya ekari 7,300 zilikuwa zimeshaondoka. Tazama pia mahali: Piney Point iko kusini, na nyasi zilizopungua vibaya zilikuwa Old Tampa Bay, kaskazini magharibi kabisa. Waliochunguza nyasi za kusini katika miezi iliyofuata tukio hawakukuta mabadiliko makubwa. Ajali yenye harufu na picha za samaki waliokufa huvutia macho yote, na uharibifu wa polepole wa upande wa pili hupita kimya.

Old Tampa Bay ina ugonjwa wake. Imekatwa na matuta matatu ya barabara, Courtney Campbell, Howard Frankland na Gandy, na maji yake hukaa muda mrefu kabla ya kubadilishana na bahari. Karibu kila majira ya joto hufumuka kijimwani kiitwacho Pyrodinium bahamense, kile kinachowaka samawati usiku ukikoroga maji. Kikifumuka, miezi hiyo michache peke yake yaweza kutosha kupitisha wastani wa klorofili wa mwaka juu ya mpaka wake. Baada ya msimu hujifunga kama mbegu ngumu, hutua kwenye tope na kusubiri. Maji yakifika joto la nyuzi 25 na kupanda, mbegu huchipua tena. Kwa hiyo hata mzigo wa mwaka ukiwa chini ya mpaka wake, ambao kwa tawi hili ni tani 486 za Kimarekani, naitrojeni inayoshuka kwa mkupuo wa mvua za Juni na Julai hukutana na mbegu zilizo tayari, kwenye maji yasiyotembea. Hesabu ya tani kwa mwaka, iliyofanya kazi vizuri kwa miaka 25, haioni jambo hilo. Ilijengwa juu ya wastani.

Hatua zilizochukuliwa ni za namna tatu. Sehemu ya tuta la Courtney Campbell ilifunguliwa na kuwekwa daraja ili maji yapite, na mashamba ya nyasi yaliyo nyuma yake yakapata maji mapya. Miji inatafuta mabomba ya majitaka yaliyopasuka, yale ambayo mvua ikinyesha huingiwa na maji ya ardhini, yakajaa na kumwaga kabla ya kufika mtamboni. Na wachunguzi wanachimba tope kila mwaka kuhesabu mbegu za Pyrodinium, ili wajue mwaka ujao utakuwaje kabla haujafika.

Picha za 2024 zilionyesha kama ekari 31,500, ongezeko la 1,400 hivi. Oktoba ya mwaka huo kimbunga Milton kiliangusha zaidi ya inchi 18 za mvua juu ya St. Petersburg ndani ya siku moja, na majitaka yakafurika kutoka kwenye mashimo ya barabarani.